Sauti ya Rose Haikutengwa

Lukman alifika kwenye duka la Dorcas, Kirumba, asubuhi ya Jumanne, kompyuta begani na kamera shingoni, akaambiwa asubiri kwanza pasi ipoe. Duka hilo lilishona kitu kimoja tu, sare za kwaya, na kila sare ilikuwa imefunikwa nailoni, kwa sababu upepo ukivuma kutoka soko la samaki la Mwaloni huja na harufu ya dagaa, na hakuna kwaya inayotaka kusimama mbele za watu ikinuka dagaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikalie hicho kiti, kina pini. Kaa hapa."

Dorcas, ambaye Kirumba nzima inamwita Mama Rose, alihitaji tovuti tangu daraja la Busisi lilipofunguliwa. Zamani kwaya ya Sengerema ikivuka na kivuko ilifika Mwanza imechoka, inanunua kwenye duka la kwanza inaloliona. Siku hizi wanavuka kabla chai haijapoa, wanazunguka mji, wanachagua, na kabla ya kutoka kwao wanauliza, mna tovuti tuone mitindo? Mtengenezaji wa kwanza, aliyempata kwenye kundi la WhatsApp, alimletea ukurasa wenye picha za Wazungu waliovaa majoho, wamesimama kwenye theluji. Dorcas alimshukuru, akamweleza kwamba kwaya za kanda ya ziwa hazijawahi kunyeshewa theluji, wakaachana kwa amani.

Huyu wa pili alikuwa kijana wa Nyegezi asiyeajiriwa na mtu, anayefanyia kazi chumbani kwake, mmoja wa wale ambao majirani hudhani hawana kazi kwa sababu hawatoki asubuhi. Dorcas alimwuliza swali moja tu.

"Ukioa ukahamia Dodoma, tovuti inabaki na nani?"

"Inabaki na wewe, Mama. Jina ni lako, nywila ni yako, na nitakufundisha kubadilisha picha. Mimi hata nikihamia mwezini, duka lako lipo."

Jibu hilo lilimpendeza, akampa kazi, na kikombe cha uji wa ulezi juu yake.

Mchana huo Dorcas alikuwa na wateja, kwa hiyo Lukman alipiga picha peke yake. Alipiga majoho, akapiga vitambaa, na nyuma ya mlango akakuta gauni moja la rangi ya samawati, limetundikwa mbali na mengine. Mshono wake ulikuwa mzuri kuliko yote. Lilikosa kitu kimoja tu, kola.

Lukman ni mtoto wa msikitini tangu chekechea, na hakuna aliyemwambia maana ya gauni la kwaya lisilo na kola. Katika kanisa la mtaa ule, binti akipata mimba kabla ya ndoa hutengwa. Anatoka kwenye kwaya, anakaa benchi la mwisho hadi ajifungue, atubu, arudishwe kundini. Kola yake nyeupe hufumuliwa na kurudishwa kwa wazee. Lile lilikuwa gauni la Rose, binti pekee wa Dorcas, na kola yake Dorcas aliifumua mwenyewe kwa wembe, uzi mmoja mmoja, maana hakutaka mikono mingine iparure kitambaa cha mwanawe.

Rose hakulia siku ile. Ila tangu hapo hakuimba tena. Alikuwa msichana wa kuimba hata akitumwa chumvi, na sasa aliosha vyombo kimya, akafua kimya, akalea tumbo lake kimya. Dorcas aliomba mengi katika sala zake, lakini lililomkaa rohoni lilikuwa hilo moja, amsikie mtoto akiimba tena ndani ya nyumba.

Lukman aliona kola imesahaulika. Kwake hiyo ilikuwa kasoro ya kawaida, kama kitufe kilichodondoka, na mtu anayejua kazi yake hamwaibishi mteja kwa kuuliza. Akachukua kola kutoka kwenye picha ya gauni jingine, akaibandika kwa kompyuta, akalainisha kingo, akaiweka picha hiyo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Kwa njia hiyo Rose alirudishwa, na mtu asiyejua kwamba alikuwa ametolewa.

Tovuti ilipokuwa tayari Dorcas aliifungua kwenye simu yake, na gauni likaanza kuimba. Liliimba sauti ya kwanza, wimbo wa mavuno, beti zote. Akampigia Lukman. Lukman akasema yeye hakuweka muziki wowote, na kama angeuweka angetaja kwenye makubaliano. Alikagua, akasema faili la sauti halipo, picha tu ndiyo inaimba, na kwa bahati nzuri haimalizi bando.

Dorcas alipeleka simu jikoni, ambako Rose alikuwa anaparua sato. Rose alisikiliza, kisu mkononi.

"Hapo nilikuwa na mafua," alisema, akaendelea kuparua.

Walisikiliza tena kesho yake, na keshokutwa. Baada ya ubeti wa pili gauni lilikuwa likinyamaza kidogo, kama ambavyo Rose hunyamaza kuvuta pumzi, na katika ukimya huo ikasikika sauti ya mwanamume, ya chinichini, ya mtu anayeongea karibu sana na kitambaa. "Usiogope, Rose. Mwezi wa nane nitakuja kwenu na wazee wangu, niongee na mama." Kisha ubeti wa tatu. Sauti ile ilikuwa ya Mwalimu Revocatus, kiongozi wa kwaya, na Kirumba inaijua vizuri kwa sababu ndiye anayesoma matangazo ya Jumapili. Mwezi wa nane ulikuwa umepita zamani. Siku ile wazee walipomhoji, Mwalimu Revocatus alisema hamfahamu binti huyo zaidi ya sauti yake, na wazee wakaridhika, na kola yake yeye haikuguswa.

Dorcas alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akamfuta Rose magamba ya samaki kwenye mkono.

Habari zilisambaa. Kwaya ya Sengerema iliagiza, kwaya ya Ukerewe ikaagiza, wote wakisifu kwamba sare za Mama Rose zinakuja na sauti. Kisha wazee wa kanisa lake mwenyewe wakamwita. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, wageni wanatoka mbali, na tangu Rose atengwe hakuna aliyeweza kuanzisha ule wimbo bila kuupasua katikati.

Waliiweka simu mezani, kati ya chupa za soda, wakasikiliza mpaka mwisho. Ilipofika ile sehemu ya baada ya ubeti wa pili, Mwalimu Revocatus alikuwa anatazama kifuniko cha soda yake. Mzee mmoja alikohoa. Mwenyekiti, Mzee Nathaniel, alisema picha imetoka vizuri sana.

Kisha wakajadili kama sauti nayo imetengwa. Ilikuwa hoja ngumu na waliijadili kwa uaminifu. Mwishowe wakakubaliana kwamba kilichotengwa ni Rose, kwa maana ya mwili wake na tumbo lake, lakini sauti iko kwenye mtandao, na mtandao hauko chini ya kanisa lao. Kwa hiyo sauti ingeimba Jumapili kupitia spika, na Rose angebaki benchi lake hadi utaratibu ukamilike.

"Na huyo aliyeahidi mwezi wa nane?" Dorcas aliuliza.

"Mama Rose," alisema Mzee Nathaniel kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "hilo haliko kwenye ajenda."

Walimwomba Lukman aikate ile sehemu. Lukman akaikata. Ikarudi. Akaikata tena mbele yao, akawaonyesha kwamba imekatika, na alipobonyeza, ikasema tena usiogope, Rose. Akawaambia kwamba katika kazi yake kuna mambo ya aina hiyo, mteja anaombwa ayazoee. Wazee wakaona shauri bora ni mpiga kinanda aongeze sauti mahali hapo. Kisha wakaagiza sare mpya za kwaya nzima, na Dorcas akachukua vipimo vyao wote, hata vya Mwalimu Revocatus, ambaye alinyanyua mikono apimwe kifua na hakumtazama usoni.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa hadi nje. Kulikuwa na mihogo, mbuzi wawili, na majogoo waliofungwa miguu chini ya madhabahu. Simu iliwekwa juu ya kiti kwenye safu ya sauti ya kwanza, mahali pa Rose, ikaunganishwa na spika. Mwalimu Revocatus alinyanyua mkono, akaigeukia simu, akaipa ishara ya kuingia, nayo ikaingia vizuri. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika.

Dorcas alikuwa mstari wa mbele, upande wa akina mama, mahali alipokaa miaka yote. Ubeti wa pili ulipokaribia kwisha alisimama, akachukua pochi yake, akatembea katikati ya kanisa hadi nyuma. Mzee wa zamu alimwinamia.

"Mama Rose, hapa ni kwa waliotengwa."

"Najua, baba."

Akakaa. Mbele kule mpiga kinanda alikandamiza vidole kama alivyoagizwa, kinanda kikanguruma, na maneno ya Mwalimu Revocatus yakapita chini yake bila kumsumbua mtu. Wote waliyajua, na wote walisubiri yaishe.

Ubeti wa tatu ulipoanza, Dorcas alisikia kitu karibu na bega lake. Kilikuwa chembamba sana, hakifiki hata benchi la mbele yao. Rose, mdomo umefungwa, mikono juu ya tumbo, alikuwa anaifuata sauti yake mwenyewe kwa sauti ya pili. Dorcas alibaki anatazama mbele, na hakugeuza kichwa, asije akamkatisha.