Marehemu Ageuka Bangoni

Jumatatu saa mbili asubuhi mchoraji alifungua kopo la rangi nyeusi, akaikoroga kwa kijiti, akaanza kuchora mgongo wa mdogo wake kwa mara ya ishirini. Bango lilikuwa na urefu wa mita nne, limeegemezwa ukutani kwenye ghala nyuma ya jumba la sinema. Alianzia mabegani, kama kawaida yake. Bega la kushoto la mdogo wake lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na hilo alilichora bila kutazama picha yoyote.

Kina dada hawa wawili walikula kwa filamu za upelelezi. Mkubwa alichora mabango, mdogo alikufa. Alikufa ndani ya dakika tatu za mwanzo, kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita, na kwa kuwa alikwisha kufa katika filamu kumi na tisa, watu walimwita Marehemu. Sokoni muuza nyanya alimwambia, "Marehemu, leo umechelewa," naye akajibu kwamba huko atokako foleni ni ndefu.

Filamu zote zilianza vilevile. Maji yanadondoka bombani. Simu inaita na hakuna wa kuipokea. Kamera inashuka taratibu kutoka darini, inapita kiatu kimoja cha kike, inapita kiganja kilichofunguka, kisha inamkimbilia mpelelezi ambaye ndiyo kwanza anaingia na koti lake. Mabango nayo yalikuwa na sheria zake: weusi juu, wekundu chini, mwanga wa manjano unaopenya chini ya mlango, mpelelezi nusu uso, herufi zilizolala upande kama zimesukumwa. Na mwanamke aonekane mgongo.

Sheria hizo alizisimamia mtayarishaji, mtu mpole wa sauti ya chini, ambaye mafundi walimwita Mzee Kivuli kwa sababu hakuna bango ambalo kivuli chake kiliwahi kumtosha. Miaka ya nyuma mchoraji alimuuliza kwa nini mwanamke asionekane uso.

"Wakimwona uso watamjua," alisema Mzee Kivuli. "Wakimjua watamhurumia. Sasa wakishaanza kumhurumia yeye, mpelelezi ataangaliwa na nani?"

Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya posta.

Kwa kawaida Marehemu alikuja ghalani kusimama mbele ya bango, dada yake apate kumchora vizuri. Safari hii hakuja. Alikuwa nyumbani, chali, nyonga iliyovunjika ikiwa bado haijapona. Katika filamu hii ya ishirini alitakiwa aanguke kwenye ngazi zenye vidato kumi na kimoja. Mara ya kwanza alianguka salama, kwa kuwa chini palikuwa na godoro. Mwongozaji alisema vizuri sana, ila kona ya godoro imeingia kwenye picha, turudie. Mara ya pili alianguka, na ukelele alioutoa ulikuwa mzuri kuliko wote aliowahi kuutoa. Waliubakiza kwenye filamu.

Siku tatu baadaye kampuni ilimpelekea karatasi ya kutia sahihi. Iliandikwa kwamba aliteleza mwenyewe wakati wa mapumziko, katika shughuli zake binafsi. Marehemu aliisoma akiwa amelala, akamrudishia tarishi.

"Waambie mimi huwa nakufa, sitelezi," alisema.

Jumanne asubuhi mlinzi wa ghala alimpokea mchoraji mlangoni.

"Shikamoo mama. Yule wako amegeuka."

"Marahaba. Amegeuka kiasi gani?"

"Nusu. Anaangalia mlango."

Mchoraji aliingia, akatazama. Kweli, mwanamke wa bangoni alikuwa amegeuza shingo juu ya bega la kushoto, na jicho moja lilionekana. Alikuwa mdogo wake hasa, hata kile kikovu cha nyusi alichokipata walipokuwa wadogo wakigombea bembea. Mzee Kivuli alipokuja aliangalia kwa muda, akavua miwani, akaifuta.

"Mrudishe," alisema.

Mchoraji akamrudisha. Jumatano mwanamke alikuwa amegeuka mzima, amekunja mikono, uzito wote ameutupia mguu wa kulia. Mzee Kivuli akaagiza kivuli kiongezwe. Mchoraji akamwaga kivuli kopo zima. Alhamisi mwanamke alikuwa amesogea kushoto nusu mita, nje ya kivuli, na kwenye kiwiko alikuwa na doa jeusi pale alipojipenyeza. Mpelelezi, aliyekuwa na nusu uso, alibaki na robo.

"Unafanya wewe?" aliuliza Mzee Kivuli.

"Sifanyi mimi."

"Basi zungumza naye."

"Nilizungumza naye jana jioni nilipompelekea uji. Amesema hapana."

Mzee Kivuli alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akasema si kitu, mabango madogo yalikwisha kuchapwa kwa picha iliyopigwa Jumatatu, mwanamke akiwa bado mgongo.

Yalikuwa mia sita. Yalibandikwa mjini Ijumaa asubuhi. Kufikia adhuhuri wanawake wote mia sita walikuwa wamegeuka, wakianza wale wa upande unaopigwa na jua mapema. Kinyozi mmoja alilalamika kwamba wateja wake hawatulizi shingo, akahamisha kiti. Karani wa posta alibandika bahasha juu ya uso wa bango lililokuwa karibu na dirisha lake. Aliporudi kutoka kula aliikuta bahasha kaunta, imekunjwa mara nne, nadhifu. Akaitumia kupelekea barua.

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza Jumamosi saa tisa alasiri. Marehemu alikwenda kwa magongo, dada yake akimshika kiuno. Mkata tiketi alimpa kiti cha pembeni apate kunyoosha mguu. Taa zilizimwa. Maji yakadondoka bombani, simu ikaita, na mwanamke mwenye gauni jekundu akaanguka vidato kumi na kimoja. Ukelele ulijaa ukumbini. Marehemu alishika mkono wa kiti lakini hakufumba macho.

Kamera ilianza kushuka, na haikuwahi kukifikia kiatu. Mwanamke kwenye filamu aliketi. Alijishika nyonga, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akawatazama watu waliokata tiketi.

"Godoro liko wapi?" aliuliza. "Mara ya kwanza lilikuwepo. Nani ameliondoa?"

Hakuna aliyemjibu kwenye filamu. Basi akashika ukingo wa ngazi, akainuka, akatoka upande wa kushoto wa picha huku akiburuta mguu. Kikabaki kiatu.

Mpelelezi aliingia na koti lake. Alipiga goti penye sakafu tupu na, kwa kuwa alikuwa mwigizaji mzoefu, akaendelea.

"Nani amefanya hivi?" alisema.

"Nyinyi! Mmeondoa godoro!" alijibu mwanamke mmoja wa safu ya nne, mpishi wa shule, ambaye bado alikuwa na aproni.

Mpelelezi aliuliza swali hilo mara nyingine kumi na nne, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, na kila alipouliza ukumbi mzima ulimjibu. Mwishoni alimkamata mtu mwenye masharubu, naye akakiri kumuua mtu asiyekuwepo. Watu walimpigia makofi kidogo, kwa adabu.

Nje, mchoraji alimuuliza mdogo wake, "Ulijua kwamba atasema vile?"

"Nilisema mimi, dada. Siku ileile, pale chini, maneno hayohayo. Walikata tu."

Mchoraji aliinama. Alimfunga vizuri kamba ya kiatu, wakaenda nyumbani polepole.

Filamu ilijaza ukumbi wiki sita. Mzee Kivuli alifurahi, akaagiza juu ya kila bango kiongezwe kibandiko cha herufi nyekundu zilizolala upande: ANAKUTAZAMA! Jina la anayetazama halikuwekwa, maana kawaida ya mabango ni kuweka jina la mpelelezi. Wiki ya saba dada wawili walikwenda ofisini kwa kampuni kudai fidia, wakitaja swali la godoro lililosikika kwenye filamu. Mwanasheria aliwakaribisha viti, akawaeleza kwamba sauti yoyote inayosikika ndani ya filamu ni mali ya kampuni, na kampuni haina nia ya kutoa ushahidi dhidi yake yenyewe. Akamsogezea Marehemu ile karatasi. Marehemu aliigeuza, akaandika nyuma yake, kwa herufi kubwa, mambo yote yalivyokuwa, akataja vidato, mara ya kwanza na mara ya pili, akatia sahihi jina lake kamili. Mwanasheria aliisoma mpaka mwisho. Akaitoboa matundu mawili, akaiingiza kwenye faili, akafunga kabati.

Nyonga haikupona sawa. Daktari alisema gongo moja litabaki.

Mwezi uliofuata kampuni ilianza filamu ya ishirini na moja. Wa kufa alikuwa mshonaji wa mavazi, mama wa watoto wawili, aliyeambiwa kuanguka si kazi ngumu. Walipanga kupiga picha kwenye ngazi zilezile. Saa moja asubuhi, walipofika na kamera, walimkuta Marehemu ameketi kidato cha chini kabisa, gongo limelala magotini. Dada yake alikuwa kando yake, na begi la chakula na chupa ya chai.

"Mama, utuachie nafasi," alisema mwongozaji. "Tuna kazi."

"Mimi ni marehemu," alisema Marehemu. "Marehemu haondolewi mpaka polisi waje."

"Dada mtu, hebu mwambie basi."

"Nimegombana naye toka tukiwa wadogo," alisema mchoraji, akimimina chai. "Sijawahi kushinda."

Mshonaji wa mavazi alisimama kidogo na gauni lake jekundu. Kisha akakaa nao, kidato cha pili, akapokea kikombe.

Kamera ilingoja mpaka saa kumi na mbili jioni, mwanga ukaisha. Mzee Kivuli hakupaza sauti. Alisema kesho watahamia jengo jingine, ngazi zipo kila mahali, na wa kuanguka hakosekani. Mafundi wakaanza kukunja nyaya.

Marehemu alijiinua kwa gongo, akapangusa gauni, akamwendea dereva wa gari la vifaa.

"Baba, hilo jengo jingine liko mtaa gani?"

Dereva akamtajia mtaa na namba ya mlango. Mchoraji aliziandika mkononi kwa kalamu, na mshonaji akauliza wakutane saa ngapi.