Mstari wa Ijumaa

Mimi shule niliishia darasa la nane, nikaingia jikoni kwenye kantini ya shule hapa Brno, Ucheki, na sikutoka humo mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo haya ya kompyuta msinisikilize kama mtaalamu. Nisikilizeni kama mama. Mwenye mtoto anayefanya kazi kama ya mwanangu Radovan asome mpaka mwisho, kisha afikiri kabla ya kumpigia simu kazini.

Radovan alikuwa akiandika programu kwenye karakana ndogo ya watu sita. Walitengeneza ving'ora vya majumbani, vile vinavyolia jiko likianza kutoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Nilikuwa naona aibu majirani wakiniuliza mwanangu anafanya nini hasa, basi siku moja nikamkalisha anieleze. Akaniandikia maneno manne kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji: kijenzi, sifa, tukio, kuzalisha.

"Mama, sisi hatuandiki kila kitu kwa mkono," alisema. "Tuna vijenzi vilivyokwisha tengenezwa. Kimoja cha king'ora, kimoja cha taa, kimoja cha saa. Unakipangia sifa zake: kilie kwa nguvu gani, kisubiri muda gani kabla ya kulia. Tukio ni pale kifaa kinapokushtua, mathalani hewa imechafuka. Ukishapanga, unabonyeza kuzalisha. Kompyuta inaandika msimbo wote, yaani maagizo ya kifaa, yenyewe."

"Kwa hiyo unalipwa kwa kubonyeza?"

"Kama wewe ulivyolipwa kwa kukoroga."

Tulicheka. Nikamuuliza, je, akikuta kosa ndani ya huo msimbo?

"Unarudi kwenye sifa, unazalisha upya. Ukirekebisha kwa mkono ndani ya faili iliyozalishwa, itakubali, lakini siku mtu akizalisha tena, ulichoandika kinafutika. Juu ya kila faili imeandikwa: usiandike humu."

"Kama menyu ya ukutani kantini," nikasema. "Ukiisahihisha kwa kalamu, Jumatatu wanabandika mpya."

"Umefaulu, mama."

Nilijua, basi. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa moja ya Septemba tulikuwa tunakwenda kwenye nyumba yetu ya msituni, mimi, Radovan na kaka yangu Oldřich. Mnajua Ijumaa zetu: usipotoka mjini kabla ya saa nane unakaa kwenye foleni barabarani mpaka supu ya kwenye chupa inapoa. Oldřich alikuwa amekwisha vaa buti zake za kuokotea uyoga na kuketi mlangoni na kikapu.

"Drahuše, mwanao kaolewa na kompyuta?" akauliza. "Uyoga hautusubiri."

Nikapiga simu. Radovan akasema dakika arobaini tu: walipokuwa wanajaribu ving'ora waliweka sifa ya kusubiri iwe dakika thelathini, visiwapigie kelele mezani mchana kutwa, na sasa lazima airudishe iwe moja, azalishe, ajaribu upya. Nikapiga mara ya pili. Mara ya tatu nikapandisha sauti.

"Haya mama, nakuja! Hiyo moja naiandika kwa mkono ndani ya faili, Jumatatu nitaipanga vizuri."

Akaja. Mkono wake mmoja ulikuwa haujaingia kwenye koti. Nilifurahi.

Jumapili mvua ilimnyeshea msituni, na Jumatatu akaamka na homa. Alilala wiki nzima. Jumatano mwenzake wa kazini, Hynek, akatakiwa abadilishe taa kutoka nyekundu iwe ya rangi ya chungwa. Akapanga sifa ya taa, akazalisha, akaijaribu taa. Taa ilikuwa nzuri. Mstari wa Radovan ulifutika, na dakika thelathini zikarudi mahali pake kimya kimya. Hynek hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia.

Alhamisi, huyo huyo Hynek alipita kwetu na machungwa ya mgonjwa na kifaa ndani ya boksi. "Cha mjomba wako," alimwambia Radovan. "Cha kwanza kabisa kutoka kundi jipya." Radovan alikipokea akiwa kitandani, akampa mjomba wake kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki ile Oldřich alikwenda peke yake kwenye nyumba ya msituni, akakifunga kifaa ukutani. Jumamosi mchana alirudi ndani kutoka kwenye uyoga amelowa, akawasha jiko, akajilaza kidogo. Ndege walikuwa wamejenga kiota ndani ya dohani, na ile hewa ya sumu ikarudi chumbani. Kifaa kililia, ndiyo. Kililia kwa nguvu mpaka jirani akavunja dirisha. Lakini kililia baada ya nusu saa.

Kaka yangu yu hai. Anakula, anatabasamu. Yule aliyejua kila uyoga wa msitu ule kwa jina, hata kwa harufu, sasa ukimwekea mmoja mkononi anautazama na kusema, "Kofia."

Karakana ilivikusanya vifaa vyote vya kundi lile kabla havijamdhuru mwingine. Radovan aliwaambia kila kitu mwenyewe, akaacha kazi. Siku hizi anapanga maboksi kwenye ghala. Nilimwambia, mwanangu, simu ile ilikuwa yangu.

"Simu haikuandika mstari, mama. Niliandika mimi."

"Nilikuharakisha."

"Nilikubali."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Kila Jumamosi anachukua kikapu, anakwenda kwa mjomba wake, anaketi kitandani kwake na kutoa uyoga mmoja mmoja. "Huu, mjomba? Na huu?" Mimi nabaki kwenye korido na makoti yao. Nikisikia "kofia" mara tatu, Radovan anaanza tena kutoka wa kwanza.

Ile karatasi bado iko kwenye friji. Simu nimeiweka kabatini, chini ya vitambaa. Chakula kikipoa, kipoe.