Santuri za Mzee Shomari

Mume wangu Shomari aliponiambia anauza santuri zake zote pamoja na gramafoni, sikumuuliza sababu. Sababu niliijua kabla hajaikubali mwenyewe. Masikio yalikuwa yamekufa. Lilianza la kushoto, siku zile soko jipya la Kariakoo lilipokuwa linajengwa na vumbi lake likiingia mpaka kwenye vyungu vyetu, kisha la kulia likafuata. Ikawa nikimwita kula lazima nimshike bega. Wapangaji wenzetu pale uani, Mtaa wa Sikukuu, walidhani ameingiwa na maringo. Niliwaacha wadhani hivyo, maana mtu wa maringo bado anaheshimiwa.

Kwa miaka mingi, kuanzia Mchafukoge mpaka Ilala, harusi ilikuwa haijakamilika mpaka Shomari afike na gramafoni yake ya kuzungusha mpini. Alikuwa na santuri zile za zamani, nyeusi, nzito, ambazo ukiiangusha moja inavunjika kama sahani. Lakini watu hawakumtafuta kwa ajili ya mashine. Walitafuta sikio lake. Alijua sindano imechoka kabla haijaanza kukwaruza. Akisikia bibi harusi ameanza kulia chumbani, alibadilisha wimbo bila kuambiwa na mtu.

Sasa mtu wa namna hiyo akaniambia, "Mama Zuhura, nataka niache kazi kama mtu aliyechoka. Wasije wakaniita kiziwi mbele ya santuri zangu."

Nilikasirika. Nilimwambia uziwi si wizi. Akanitazama mdomo mpaka nikamaliza, akanielewa vizuri sana, halafu akarudia maneno yake yaleyale. Basi nikaapa nitamsaidia. Nilimpenda mzee yule, hata ujinga wake ulikuwa unaniuma kama wangu.

Kumpata mnunuzi hakukuwa na shida. Nassibu, kijana wa Gerezani aliyekuwa akipiga muziki harusini kwa mashine ya umeme, alikuwa amechoka kufokewa na akina bibi waliotaka nyimbo za ujana wao. Alitaka santuri, na gramafoni pia aliitaka, kwa ajili ya nyumba zisizo na umeme. Shida ilikuwa kwamba santuri haiuzwi kimya. Ndivyo wenye kazi hiyo walivyozoea: mnunuzi anakaa, muuzaji anapiga moja baada ya nyingine, kwa sababu ufa mwembamba macho hayauoni, unausikia tu.

Tukapanga. Mimi ningekaa mkekani nikisuka ukili wa ukindu, na ncha ya ule ukili ningeipitisha chini ya unyayo wa Shomari. Santuri ikikwama, navuta, naye anainua sindano. Na Nassibu akiuliza kitu, mimi nalirudia swali kwa sauti nikiwa nimemgeukia mume wangu, asome midomo yangu. Hilo lisingemshangaza yeyote. Pale uani nilijulikana kwa kuingilia mazungumzo.

Nassibu alifika baada ya sala ya adhuhuri, na mkokoteni akauacha barazani.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba," nikaitikia kwa nguvu, na Shomari akaitikia nyuma yangu.

Santuri za mwanzo zilikwenda vizuri. Nassibu aliuliza sindano zinapatikana wapi siku hizi, nikadakia, "Baba Zuhura, anauliza sindano anapata wapi, mwambie basi!" Zamzam, jirani yangu wa chumba cha mbele, aliyekuwa akichambua mchele na wenzake wawili, akanitania, "Sabaha, mwache mwenzio auze, au biashara ni yako?" Nikamwambia achambue mchele wake. Mambo yalikuwa yananyooka, na kichwani nilikwishaanza kununua karai la kukaangia samaki wa Feri, kazi mpya ya Shomari. Samaki humkaangi kwa masikio.

Kisha Shomari akaweka wimbo alioupenda kuliko zote.

Kosa lilikuwa hapo. Badala ya kuangalia sindano, akafumba macho. Mguu ukaanza kupiga mapigo, polepole, sawasawa kabisa na ngoma iliyokuwa ndani ya wimbo. Mguu ukainuka, ukili ukachomoka. Nami nikamtazama nikasahau kazi yangu, kwa kuwa uso ule sikuwa nimeuona tangu masikio yafe.

Santuri ikakwama. "Nipe jibu," ikasema. "Nipe jibu. Nipe jibu. Nipe jibu."

Nikavuta ukili, ukaja wote mikononi mwangu. Shomari akaendelea kupiga mguu na kutikisa kichwa. Kwake wimbo ulikuwa unaendelea, beti zinapita. Zamzam akaacha mchele. Mwenzake akainua shingo. Kumwita kungekuwa bure, na kuinuka kwenda kumshika bega mbele ya watu wote kungekuwa sawa na kuwatangazia. Nilikaa pale na ukili wangu, na aibu yake nikaisikia mwilini mwangu.

Nassibu alikuwa anamtazama. Akatazama ukili mikononi mwangu, akanitazama mimi. Nikajua amejua.

Ghafla akapiga ukelele. "Hapohapo, Mzee! Usiinue sindano, hapohapo panaponikuna!" Akainuka, akaanza kucheza, nipe jibu, nipe jibu, mabega juu chini. Akatoa noti mfukoni, akaenda kwa madaha mpaka kwa Shomari, kama mtu anayemtuza mwimbaji harusini, akaikandamiza kwenye kiganja chake. Shomari akafumbua macho, akaona, akainua sindano. Akina Zamzam wakapiga vigelegele.

"Zilizobaki sina haja ya kuzisikia," Nassibu akasema. Alisema taratibu, uso wake ukiwa umeelekea kwa mume wangu, kila neno likionekana mdomoni. "Nazichukua zote, Mzee."

Bei hawakuvutana. Alipakia kila kitu mkokotenini, santuri akazifunika kwa gunia, akaaga.

Jioni tulikaa chumbani. Shomari alikuwa bado ameishika ile noti ya tuzo.

"Mama Zuhura, kwa hesabu ya mguu wangu, Nassibu amenituza kwenye ubeti wa tatu."

"Ndiyo."

"Ubeti wa tatu hautuzwi. Mwimbaji anataja mitaa tu pale. Harusi zote nilizopiga, hakuna mtu aliyewahi kuinuka kwenye ubeti ule."

Uongo nilikuwa nao tayari, ila nilishindwa kumpa.

"Ilikwama," akasema.

"Ilikwama."

"Wapi?"

"Kwenye 'nipe jibu'."

Akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka, nami nikalia pamoja naye bila kujificha. Akaniuliza kama Zamzam na wenzake wamejua. Nikatikisa kichwa: hawakujua, waliona mchezo tu.

"Lakini yeye alijua."

"Alijua, Baba Zuhura."

Akajifuta uso kwa kanzu, akaikunja ile noti vizuri.

"Basi," akasema, "santuri zangu zimekwenda kwa mtu hasa."