Chukudu ya Papa Nzanzu

Msitu wa Kingi ni wa kijiji kizima. Kila Jumapili baada ya misa, Mama Léontine alikaa humo kando ya mizinga yake ya nyuki, apumzishe masikio yaliyochoshwa na vita. Papa Nzanzu, mwenye duka, naye alikuja kustarehe, lakini kwa pikipiki, mpaka watu wakakimbia wakidhani ni askari. Kijiji kikakata shauri: Jumapili hakuna injini msituni.

Jumapili iliyofuata, Nzanzu akaja na chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Hakina injini, hakina honi, basi akateremka mlima mzima akibweka, “Pisha! Pisha! Pisha!”

Léontine akamsimamisha.

“Papa Nzanzu, rudisha tu pikipiki.”

“Juu ya nini, mama?”

“Ile angalau inaishaka mafuta.”