Chokaa kwenye Miti Saba

Tangu vita vifunge barabara ya kupandia kwenye msitu wa Kibira, Prudence hakuwa ameshika mbegu mpya hata moja. Kila asubuhi alifungua lango la kitalu cha miche kule Kigobe, akamwagilia matuta yaliyozidi kuwa matupu, kisha akaandika katika daftari lake: umuvugangoma, hakuna. Neno hilo la pili lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu. Umuvugangoma ndio mti ambao Warundi huchongea ngoma zao, na huko milimani ulikuwa ukiteketea: waliokimbia makwao waliukata wapate kupika, na askari waliukata wapate kuona mbali.

Mwezi wa Julai 1998 aligundua kwamba miti saba ya aina hiyo ilikuwa imesimama mjini, Mutanga Sud, kando ya barabara iendayo chuo kikuu, katika kiwanja cha seremala Shakuru. Marehemu Radjabu, baba wa seremala huyo, ndiye aliyeipanda. Matawi yalikuwa yameelemewa na matunda mabichi. Tatizo ni kwamba Shakuru naye alikuwa ameitazama miti hiyo, ila yeye aliitazama kwa jicho la kutafuta mbao.

"Madame, mi sina mbao tena ku ateliye," alimwambia, akionyesha karakana yake, wakiwa wamesimama chini ya matawi. Barazani, mama yake mzee, Mwanasiti, alikuwa akichambua mchele. "Embargo imefunga mipaka huku, masasi ya vita kule. Na masista wananingojea na meza makumi munane ya wanafunzi. Nikate nini, mikono yangu?"

"Ngoja basi miezi mbili, Fundi. Matunda iive, niokote mbegu, kisha ukate."

"Miezi mbili! Na wale watoto waandikie wapi, ku magoti?"

Prudence aliomba yote saba, akashuka hadi mitano, akashuka hadi mitatu. Shakuru alimpa mmoja.

"Chagua yako, uipake chokaa. Wallahi, yenye chokaa mi sitaigusa. Mama ni shahidi. Zingine nazikata Jumatatu."

Alichagua wa tatu kutoka mlangoni, uliokuwa umenyooka kuliko wenzake, akauzungushia mkanda wa chokaa usawa wa kifua, kama watu wa misitu wanavyoweka alama kwenye mti mama, ule wa kuchumia mbegu. Alirudi nyumbani nusu ya furaha. Chuoni walikuwa wamemfundisha kwamba mbegu za mti mmoja huzaa ndugu watupu, na ndugu wakioana, ukoo hudhoofika. Msitu hautoki kwa mzazi mmoja. Lakini mmoja ni bora kuliko ukurasa mtupu.

Jumatatu asubuhi alifika mapema ili aulinde mti wake. Alipokata kona, alisimama ghafla. Miti yote saba ilikuwa myeupe, kutoka mizizini hadi kifuani, imejipanga kama wanafunzi waliovaa sare siku ya kwanza ya muhula. Chini yake alisimama Shakuru na mkata mbao mwenzake, Djibril, mabegani wamebeba ule msumeno mrefu wa watu wawili.

"Madame! Mi nimekupa moja, we umechukua saba?"

"Si mimi, Fundi! Naapa!"

"Ni mimi," alisema Mwanasiti kutoka barazani, bila kuinua macho kwenye ungo. "Jumamosi shefu wa mtaa ametangaza: wageni wakubwa watapita, kila mutu asafishe mbele ya nyumba na miti ipakwe chokaa. Ile moja ilikuwa imeshavaa. Ningeacha sita uchi, na wageni wanapita?"

Djibril alicheka hadi msumeno ukamponyoka. Shakuru hakucheka.

"Sasa, Madame, yako ni ipi?"

Mkanda wa Prudence ulikuwa umezikwa chini ya chokaa nyingine. Waliojua mahali ulipokuwa ni yeye na yule bibi kizee, na bibi alikuwa amerudia mchele wake. Angeweza kusema hajui, na Shakuru kwa kiapo chake asingethubutu kugusa hata mmoja. Aliyakumbuka matuta matupu ya Kigobe. Kisha akalikumbuka daftari lake, ambalo kwa miaka kumi na moja halijawahi kuandikwa uongo.

"Ya tatu toka ku mulango," alisema.

Shakuru alishukuru kwa kichwa, akauendea wa nne. Yeye na Djibril waliweka msumeno kwenye gome, meno yakakwaruza chokaa, unga mweupe ukaanguka miguuni mwao. Mara akasimama.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?"

"Mi sikuangalii. Naangalia chokaa."

"Mama, nilisema juu ya ile moja!"

"Uliapa mbele yangu: yenye chokaa sitaigusa. Basi, tuseme ulifikiri moja. Lakini huyu mutoto angetaka kukudanganya, angekudanganya sasa hivi. Amekuambia ukweli, na ukweli umemunyanganya miti sita. We, mwana wa Radjabu, utakubali akushinde?"

Shakuru alishusha pumzi. Mkono wake haukuondoka kwenye mpini, lakini haukuvuta.

Prudence alisogea. "Fundi, hata ukikata leo, hii mbao iko na maji. Meza zitapinda mbele ya Noeli. We unajua kuliko mi."

"Najua. Lakini mbao kavu iko wapi?"

Hapo ndipo Prudence alipoona haya. Nyuma ya kitalu chake kulikuwa na miti mikubwa mitano ya grevilea iliyoangushwa na upepo mwaka uliopita. Kila mwisho wa mwezi aliihesabu na kuiandika, kwa mwandiko mzuri, kwenye ukurasa wa hasara, na hata siku moja hakufikiri kwamba hasara hiyo ni mbao.

"Iko kwetu, Kigobe," alisema. "Imelala chini, imekauka, mchwa ndiyo wanaanza kuionja. Leo naandika barua kwa direkta wetu, aruhusu."

"Na akikataa?"

"Utarudi hapa na musumeno, na mi nitakushikia upande wa pili."

"Kumbe mi nimeshafukuzwa kazi!" alisema Djibril.

Barua ilikaa mezani kwa direkta siku nne, kisha ikatiwa sahihi. Meza themanini zilitoka kwenye grevilea, na hazikupinda.

Kiangazi kilipoisha, matunda yaliiva manjano. Prudence na Mwanasiti walitandika mikeka chini ya miti, wakayasugua kwa mchanga na maji ili kuondoa ulimbo, bibi akilamba vidole kwa utamu wake. Mbegu za kila mti ziliingia katika kopo lake, namba moja hadi saba. Baada ya kupanda, Prudence aliandika "bado" mara arobaini na mbili. Siku ya arobaini na tatu tuta lilipasuka.

Julai iliyofuata, miche mia nne na kumi na miwili ilikuwa imesimama kwa mistari saba, ikingoja barabara ya Kibira ifunguke. Prudence alikwenda Mutanga Sud kuwatazama wazazi wa miche hiyo. Alimkuta Shakuru amekunja suruali, ndoo mkononi, ameshafika mti wa tano.

"Fundi! Shefu ametangaza wageni tena?"

"Apana. Kazi imekuwa mingi ku ateliye, mbao ni kidogo." Alichovya brashi. "Nimeona nipake mapema, mbele ya roho yangu kusahau kile kiapo."

Barazani kulikuwa na brashi ya pili. Prudence aliichukua, akaanza na mti wa saba.