Kabla Hujaiosha Kompyuta

Walisema Mikumi kuna mashine inayokula sauti za marehemu. Imelda aliipata habari hiyo pale kijijini kwao Mabwerebwere, kwa jirani yake Yusrah, asubuhi alipokwenda kuchukua vitumbua, na tangu hapo ikawa haimtoki kichwani.

"Mama Lea, mimi nakwambia nilivyoambiwa," Yusrah alisema huku akigeuza kitumbua. "Kuna watu wa Dumila walipeleka video ya mzee wao ikahifadhiwe. Wameifuata, hamna kitu. Mashine imemeza! Hata kikohozi cha mzee haikubakiza."

"Mikumi sehemu gani?"

"Si hapo hapo studio anapofanya kazi mwanao?"

Imelda aliondoka bila kuaga.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mumewe Onesphory, aliyekuja Kilosa na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alikuwa na namna yake ya kuwaita. Kila ng'ombe alikuwa na jina na mluzi wake. Alipoanza kuumwa, binti yao Lea alimrekodi akiwaita mmoja mmoja, kila jina faili lake, akaziweka sauti hizo kwenye kompyuta kuukuu aliyoazima studio kwao. Mzee alipofariki, kompyuta ikabaki nyumbani kwa mama.

Jioni, Imelda huiweka dirishani akaifungulia. "Mawingu, hooo, Mawingu." Kule bondeni, ndani ya ukungu wa mto Mkondoa, shingo moja huinuka. Halafu nyingine. Ng'ombe hurudi wenyewe, taratibu, kama watu wanaotembea usingizini, na kwa kitambo hicho Imelda haoni kama amefiwa. Anaona kama mumewe yuko nyuma ya nyumba tu, anakata fito.

Sasa Lea akapiga simu. Bosi wake, Herman, anaitaka ile kompyuta.

"Usiwe na wasiwasi mama. Sauti za baba ziko huku pia. Kuna programu inayofanya folda ya huko na ya huku zifanane. Nitakuwekea kwenye simu."

Kwa Imelda, chombo cha watu hakirudishwi kichafu. Hata bakuli la jirani huliosha kwa majivu mpaka ling'ae. Akaipangusa ile kompyuta, akachokoa chenga za mtama kwenye vitufe kwa kijiti cha ufagio. Kisha akaingia na ndani. Vyote vilivyomo kwenye folda ya mumewe akavifuta, kama alivyozoea kufuta picha kwenye simu. Na kile kipipa cha takataka kilichomo humo akakimwaga, maana nani anarudisha sufuria yenye ukoko? Nakala si iko Mikumi?

Alipofunga kifuniko, maneno ya Yusrah yakamrudia. Na kama ya Mikumi nayo imemezwa?

Kesho yake akapanda basi, kompyuta mapajani, imefungwa kwenye kanga. Walipopita kijiji cha Ulaya usingizi ukamchukua, au haukumchukua, yeye mwenyewe hajui. Aliona tembo amesimama barabarani, amejaza njia yote, na gari limezima bila mtu kulizima. Tembo akafungua kinywa, haikutoka sauti. Nyuma yake wakaja ng'ombe wake, Mawingu mbele, wote wamefungua vinywa, kimya, hata kwato hazisikiki, na vumbi linapanda jeupe kama unga. Alitaka kuwaita. Akakuta hajui mluzi wa hata mmoja.

"Mama, Mikumi hii. Unashuka?" Kondakta alikuwa akimgusa bega.

Lea alimkuta mama yake mlangoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sauti ya baba yako ipo?"

"Jamani, hata maji hujanywa!"

"Ipo?"

Lea akacheka, akabonyeza. "Mawingu, hooo." Imelda akakaa kwenye kiti cha wateja.

Kijana mmoja wa kazini, Brayson, akampokea mzigo. "Mama, umekuja kutukagua kama tunakula marehemu?"

"Nasikia mnakula."

"Aliyekula ni mimi. Nilituma folda tupu, mzee wa Dumila akaondoka mara ya pili."

"Koma, Brayson," Lea alisema. "Unaona mama, ndiyo maana Herman kaniambia niandike maelezo ya ile programu ya kufananisha folda. Programu hii haina picha wala vitufe. Unaandika amri kwenye kioo cheusi, na kila chaguo unaloongeza linaibadilisha tabia. Hebu sikiliza kama inaeleweka, wakati natuma folda ya hii uliyoleta iingie kwenye ya hapa."

Alishaichomeka ile kompyuta. Akaandika amri yake, huku akisoma karatasi kwa sauti: "Chaguo la --delete. Programu hutazama folda inayotuma. Kitu ambacho hakimo huku, hukiondoa na kule, ili zifanane."

Kidole kilikuwa kinashuka.

"Rudia," Imelda alisema. "Hakimo huku. Huku wapi?"

"Kwenye hii uliyoileta."

"Lea, toa mkono."

"Kuna nini?"

"Nimeiosha."

Feni ilizunguka. Brayson akainama kuchungulia kama kuna maji. "Umeiosha na nini, mama?"

"Nimeiosha ndani."

Lea akaurudisha mkono kifuani kama aliyeungua. Kisha, polepole, akaongeza neno moja kwenye amri ile: --dry-run. "Hili linaifanya iseme ingefanya nini, bila kukifanya." Akabonyeza.

Majina yakaanza kupanda kwenye kioo cheusi, meupe, moja baada ya jingine, kama ng'ombe wanaovuka njia kiza kikiingia, unawaona mapaji tu. Yote hayo yangefutwa. Imelda akayasoma kwa sauti, kidole kikifuata, kama darasani zamani. Mawingu. Kahawa. Chongo. Bi Harusi. Nyota.

Imelda.

"Huyo naye ng'ombe?" Brayson aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Hiyo sijawahi kuifungua," Imelda alisema. "Nilikuwa nafungua za ng'ombe tu."

"Nilidhani umeshaisikia," Lea alisema kwa sauti ndogo. "Aliniambia nitoke nje, akaongea peke yake. Niifungue?"

"Kwanza irudishe. Mahali pawili. Patatu."

Lea akageuza amri, folda ya Mikumi ikatuma na ya kompyuta ile ikapokea. Akaweka nakala nyingine kwenye flashi, akaichomoa kabisa na kumkabidhi mama yake, naye akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Maelezo yangu yanataka onyo," Lea alisema. "Sema, niandike."

"Lete kalamu. Naandika mwenyewe."

Lea alishalifungua lile faili la mwisho. Sauti ya Onesphory ilikuwa imeanza kusikika, inamwita kwa mluzi ambao haukuwa wa ng'ombe yeyote, na Imelda akaandika huku anasikiliza, ya kitaalamu Lea akimnong'oneza:

Usifute huku eti kwa sababu kule kuna nakala.

Usitume folda tupu.

Usitumie --delete kabla ya --dry-run.

Usibonyeze kabla hujayasoma majina yote, mpaka la mwisho.

Usichanganye panapotoa na panapopokea. Panapotajwa kwanza ndipo panapotoa.

Usiweke wala kuondoa kwa kubahatisha ile alama ya mkwaju, /, mwishoni mwa jina la folda inayotuma. Bila hiyo unapeleka sufuria nzima. Ukiiweka, unapeleka chakula tu.

Usiache nakala zote mahali programu inapofika.

Usiioshe kompyuta ya watu ndani kabla hujamuuliza mwenyewe.