Lugha ya Kijana, Mwalimu Mzee

Kikao cha nne cha idara kilivunjika kama vile vitatu vilivyotangulia: kwa makelele. Swali lilikuwa moja tu, wanafunzi wapya wa kompyuta waanze na lugha gani ya programu. Mhadhiri mkongwe, aliyebandikwa jina la Nuktamkato kwa sababu ukiisahau mwishoni mwa mstari anakupa sifuri, alishikilia C. Mhadhiri kijana, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alitaka Python.

"Unawalea kama mayai!" alifoka Nuktamkato.

"Na wewe unawafukuza, mzee wangu; hata swali wanaogopa kukuuliza. Mwaka jana nusu ya darasa walihamia uhasibu."

Mimi, mkuu wao wa idara, kichwa kilikuwa kinanigonga. Nikamtazama katibu muhtasi wetu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao huku akipiga miayo. Miaka ishirini na mbili amechapa mitihani ya programu bila kuelewa hata mstari mmoja.

"Mama," nikamwambia, "kesho watakufundisha wote wawili, saa moja moja. Utakayemwelewa ndiye mshindi."

"Makubwa haya," akasema.

Kijana alitangulia. Mstari mmoja tu, kompyuta ikatoa salamu. Mama akapiga makofi, akaandika wa pili peke yake. Kompyuta ikagoma: alikuwa ameacha nafasi mwanzoni mwa mstari.

"Nafasi? Yaani pale nisipoandika kitu ndipo nilipokosea?"

Kijana akaeleza, akafafanua maelezo yake, kisha akafafanua ufafanuzi. Saa ilipoisha, mama alikuwa anatazama dirishani.

Nuktamkato alihitaji mistari sita kutoa salamu ileile.

"Kaka, salamu tu ndiyo maandalizi yote haya?"

Sikutegemea alichofanya mzee. Alicheka, akamvuta mama hadi kwenye kabati la mafaili la ofisini kwa mama mwenyewe. Droo hizi, akasema, ndizo kumbukumbu ya kompyuta. Lebo ni jina. Na kikaratasi kilichoandikwa "tazama droo ya tatu" ndicho kielekezi.

"Hapa ndipo wanangu wanapolia," akaongeza.

"Hiki? Hiki ndicho kinacholiza watoto wa watu? Mbona mimi naishi nacho!"

Katika kikao cha tano mama aliweka kalamu chini, akatoa hukumu. "Lugha, ya kijana. Mwalimu, mzee."

Kijana alimgeukia mwalimu wake wa zamani.

"Lakini mimi Python siijui," Nuktamkato akanong'ona.

"Si mwanao huyo hapo? Akufundishe."

Likizo nzima waliketi meza moja wakigombana kwa sauti ya chini. Muhula ulipofunguliwa, kijana tulimpa wanafunzi wa mwaka wa pili, awafundishe C. Alinuna siku mbili.

Nuktamkato alitoka kwenye kipindi chake cha kwanza shati limelowa jasho, chaki hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza imekuwaje.

"Wameniuliza maswali," akasema, kama mtu asiyeamini. "Mkuu, watoto wale wananiuliza maswali!"